Uzi Chini ya Ulimi

3 Februari

Mama Mdogo, shikamoo.

Natumaini magoti yanakusikiliza siku hizi, maana mara ya mwisho ulisema yamejitangazia serikali yao. Sisi tu wazima. Ningepiga simu, lakini tangu masikio yako yaanze kuchagua ya kusikia, mimi nikisema "mchele" wewe unasikia "mchana", na tunagombana dakika kumi juu ya jambo ambalo hakuna aliyelisema. Acha tuandikiane.

Nina mambo mawili. La kwanza ni la kazini. Kamusi ya tiba imefika sura ya kinywa. Meno tumemaliza, fizi tumemaliza, sasa tumekwama kwenye ulimi. Kuna neno la madaktari, ankiloglosia. Ni ile hali ya mtoto kuzaliwa na uzi mfupi chini ya ulimi, ulimi ukashikwa, asiweze kuutoa nje wala kuunyanyua. Nimelifuata hadi kwao. Ni neno la Wayunani wa kale. Nusu ya kwanza ni kitu kilichopinda na kukakamaa kama ndoana, nusu ya pili ni ulimi. Ule uzi wenyewe Warumi waliuita hatamu ndogo, kama anayofungwa farasi. Sasa Mwenyekiti wa kamati yetu anataka tuandike "ulimifunge". Mzee wa Nukta, msahihishaji wetu, amesema neno hilo likichapwa yeye anaomba kustaafu siku hiyo hiyo. Wewe umezalisha watu karibu miaka arobaini. Wodini mlikuwa mnasemaje?

La pili ndilo lililonifanya nilifuate neno hili kwa bidii hivyo. Mjukuu wangu, Bwana Mdogo, ana wiki sita na bado hanyonyi vizuri. Anashika ziwa, analiachia, analia, anashika tena. Binti yangu chuchu zimepasuka, anauma meno tu. Juzi muuguzi wa kliniki aliweka kidole kinywani mwa mtoto akasema, "Huyu ulimi wake umeshikwa chini." Wanasema watamkata ule uzi, ni jambo la dakika moja.

Nikasema nimuulize kwanza mtu wangu. Tangu mama alipotangulia mimi nina miaka kumi na mitano, hakuna jambo la mwili nililoamua bila wewe.

Mwanao,
Kasuku

*

10 Februari

Kasuku mwanangu, marahaba.

Magoti yapo, yanalalamika kama wapangaji.

Wodini tulisema "ulimi umefungwa". Tukiwa na haraka tulisema "huyu kafungwa", na kila mtu alielewa, hata mfagiaji. Hayo ya ndoana na farasi sikuyajua. Mwambie Mwenyekiti wako maneno si vyungu, hayafinyangwi mezani.

Kuhusu mtoto: msimkate. Binti akamue maziwa, ampe kwa kikombe kidogo au kijiko, taratibu, kichwa kikiwa juu. Uzi wa aina hiyo mara nyingi hulegea wenyewe. Siku hizi watu wana haraka ya mkasi. Nimeona wengi waliosubiri wakapona bila kuguswa.

Msimkate. Narudia usije ukasema hukuona.

Mama yako mdogo

*

17 Februari

Mama Mdogo, shikamoo.

Tumefanya ulivyosema. Kikombe, kijiko, kichwa juu. Nyumba nzima inanuka maziwa na binti yangu halali. Mtoto alipimwa jana: uzito umesimama pale pale, na kwa mtoto wa umri huo kusimama ni kurudi nyuma. Binti akaniuliza, "Mama, huyo Bibi amewahi kumwona huyu mtoto?" Nikasema hapana. Akasema, "Basi kwa nini yeye ndiye anayeamua?" Nilisema wewe ni mkunga, akasema na wale wa kliniki si mafundi bomba.

Naomba unieleze sababu. Ukiniambia "subiri" bila sababu, mimi nitasubiri, lakini yeye hatasubiri, na mtoto ni wake.

Pia alichanjwa wiki iliyopita, na paja limevimba likawa la bluu, uvimbe mgumu kama limau. Kliniki wamesema litatulia.

Sasa nikuambie kitu cha ajabu. Nilikwenda kwa daktari wa meno kwa lile jino langu la nyuma. Akiwa na kioo chake kinywani mwangu akasema, "Wewe uliwahi kukatwa chini ya ulimi. Kuna kovu hapa, la zamani sana." Nikamwambia amekosea. Akanipa kioo nijionee. Lipo, mstari mweupe mwembamba. Miaka arobaini na mitano natumia ulimi huu kama fundi anavyotumia nyundo, na sijawahi kuugeuza nikautazama upande wa chini. Mimi nami nilifungwa?

Na kwa kuwa nimeshaanza, acha nimalize. Unakumbuka utotoni nilikuwa nasema nasikia mtu akiniita, na mama ananifokea? Sijaacha kusikia. Huwa si usiku. Huwa mchana, nikiwa peke yangu kwenye chumba kilichotulia, hasa kama mlango wa chumba cha pili uko wazi. Neno ni moja siku zote: ng'owebu. Nimelitafuta kwenye kila kamusi iliyopita mkononi mwangu, nimewauliza wasomi wa lugha nane. Halipo. Jumatatu nililisikia ofisini, kwenye stoo ya makabati ya kadi, nikajikuta nimesimama mlangoni nimeshafungua kinywa kujibu.

Usinicheke.

Kasuku

*

23 Februari

Mwanangu, marahaba.

Sikucheki.

Lile kovu si la kukatwa. Ulianguka na kijiko mdomoni ukiwa na miaka mitatu. Kilikutoboa chini ya ulimi, ukalia, ukapona. Mama yako hakupenda kukumbushwa, ndiyo maana hukusikia habari zake.

Hilo neno ni kelele za kitoto. Watoto wote hujitungia maneno wakacheza nayo. Unafanya kazi sana na maneno, yanakufuata hadi stoo. Pumzika.

Huo uvimbe wa pajani umepungua au umeongezeka? Una joto? Na kitovu chake kilipodondoka, kilitoa damu siku ngapi? Nijibu haya kabla ya kitu kingine chochote.

Na kuhusu ulimi, sababu ni kwamba mimi nimesema. Niliwahi kukushauri vibaya?

Mama yako mdogo

*

1 Machi

Mama Mdogo, shikamoo.

Uvimbe umepungua, umebaki wa kijani. Kitovu kilitoa damu siku tano hivi, kidogo kidogo. Kwa nini unauliza?

Binti amekata shauri. Ameandikishwa hospitali kuu, Jumanne tarehe 9, saa nne asubuhi. Sikumzuia. Mtoto amekuwa na uso wa mzee, Mama Mdogo, ngozi ya paja inavutika kama soksi iliyolegea. Hujawahi kunishauri vibaya, ila safari hii hujanishauri, umenikataza.

Acha nirudi kwenye neno langu, maana nimeshindwa kupumzika kama ulivyoniagiza. Nimesoma kwamba kwa Wayunani, jina lile lile la ulimi lilikuja kutumika pia kwa neno geni, lile ambalo msomaji halielewi mpaka mtu amwandikie maana yake pembeni. Niliposoma hivyo nikachukua kadi tupu nikaliandika ng'owebu, nikalitazama kama ninavyotazama maneno ya watu wengine. Nikalitamka polepole mbele ya kioo. Mama Mdogo, neno lile lote halina sauti hata moja inayohitaji ncha ya ulimi. Ni koo na midomo tu. Hakuna l, hakuna t, hakuna n ya kawaida. Mtoto aliyefungwa ulimi ndivyo angeunda neno, kwa sauti alizoruhusiwa.

Kwa hiyo nilikuwa nimefungwa, na kovu si la kijiko. Hilo nakuachia, labda ulisahau.

Lakini kuna linalonisumbua zaidi. Mtoto akiwa peke yake hajitungii neno la kuita. Kuita kunataka anayeitwa. Mimi nilikuwa namwita nani? Na huyu ninayemsikia ananiita mimi, si mimi ninayeita. Sauti yake si yangu. Ni ya mtoto wa kiume.

Nijibu kama mtu mzima mwenzio.

Kasuku

*

6 Machi

Kasuku,

Barua yako nimeipata leo mchana. Hii haitafika kabla ya Jumanne, kwa hiyo nampelekea mwenye duka la dawa hapa mtaani apige simu kwako na hospitali, asome haya neno kwa neno, mara mbili. Karatasi yenyewe utaipata baadaye uione kwa macho yako.

MTOTO ASIGUSWE KWA MKASI WALA SINDANO YA DAWA KABLA YA KUPIMWA DAMU. Waambie madaktari kwamba katika familia ya mama yake kuna ugonjwa wa damu isiyoganda. Unapita kwa wanawake, unawaangukia watoto wa kiume. Kaka yangu alikufa na miaka kumi na miwili aking'olewa jino. Mtoto mwingine wa kiume alikufa na miaka mitatu akikatwa ulimi.

Niliyemkata ni mimi.

Mama yako mdogo

*

10 Machi

Mama Mdogo,

Mtu wa duka la dawa alipiga simu jana saa tatu na nusu. Anasema alianza kupiga tangu Jumamosi jioni. Simu yangu ilikuwa imeharibika chaji, na hospitali walikuwa wakimhamisha ofisi hadi ofisi. Aliponipata tulikuwa kwenye benchi nje ya chumba, mtoto ameshavuliwa fulana. Alisoma kwa sauti ya mtu anayesoma tangazo la msiba. Mstari wa mwisho pia aliusoma, kwa kuwa uliagiza asome neno kwa neno. Kisha akausoma mara ya pili.

Nikaingia bila kubisha hodi. Daktari, mama mmoja mfupi mwenye glavu tayari mkononi, alinisikiliza, akaziweka glavu chini. Walitoa damu kidogo ya kupima. Pale sindano ilipoingia walibana pamba, wakabana tena, wakabadilisha pamba. Ilichukua dakika arobaini na tano damu kukata. Yule daktari alikuwa anatazama saa ya ukutani, kisha ananitazama mimi.

Majibu yametoka leo. Ni huo ugonjwa.

Binti yangu ameniuliza ulijua tangu lini. Nikamwambia sijui.

Nataka barua. Yote, bila kupamba. Usimtume mtu wa duka.

Mwanao

*

16 Machi

Mwanangu,

Mlizaliwa wawili. Wewe ulitangulia, yeye akafuata baada ya dakika ishirini, analia kwa hasira kama mtu aliyefika karamuni akakuta sahani zinaoshwa. Wote mlikuwa mmefungwa ndimi. Alivyonyonya kwa shida mjukuu wako ndivyo mlivyonyonya ninyi, lakini mama yako alikuwa na maziwa mengi na subira nyingi, mkakua.

Kufika miaka mitatu hakuna aliyewaelewa, na ninyi hamkujali, kwa sababu mlielewana. Ng'owebu ndilo mlilokuwa mkiitana. Mmoja yuko chumbani, mwingine uani. Anaita, na mwenzake anajibu kwa neno lile lile. Nadhani maana yake ilikuwa "upo?" na pia "nipo". Watoto wa majirani waliwaiga wakicheka. Mama yako alikuwa anaumia.

Mimi nilikuwa na miaka ishirini na miwili, mwaka wa pili wa ukunga, nimekuja likizo. Wodini kwetu kulikuwa na muuguzi mkubwa aliyewakata wachanga ule uzi kwa mkasi, kufumba na kufumbua, mtoto analia kidogo, anawekwa kwenye ziwa, basi. Nilimtazama mara sita. Nikajiona fundi.

Mama yako hakuniomba. Watu wawili watatu waliojua niliwaachia wafikiri aliniomba, naye hakuwasahihisha. Hakuniomba. Alikuwa kazini kwenye cherehani. Nilitaka arudi jioni mumwamkie shikamoo iliyonyooka, ashangae.

Nilichemsha mkasi. Nilikukalisha wewe kwanza juu ya meza ya jikoni. Damu ilitoka kidogo, nikabana kwa kitambaa safi, ikakata. Ulilia, nikakupa maji ya sukari, ukanyamaza. Yeye alikuwa amesimama pale chini anatazama. Sikumshika, sikumbembeleza. Alipanda kiti mwenyewe akafungua kinywa, kwa sababu wewe ulikuwa umefungua.

Yeye nilimbana kwa muda mrefu zaidi, ikapungua. Nikawalaza kitanda kimoja, mkasinzia. Ilikuwa saa saba mchana. Nilipita kuwatazama mara tatu. Alikuwa ametulia, kinywa kimefumba, mto mweupe kabisa. Nikasema moyoni kazi imekwenda vizuri. Sikujua kwamba damu anaimeza. Saa kumi alikaa kitandani akatapika. Nilichokiona hapo sikuandikii. Si kwamba naficha tena, ila wewe ulikuwa umelala kando yake na hukuamka, na napenda ibaki hivyo.

Jirani alitupakia kwenye pikapu yake, tukampitia mama yako kazini, nikamwambia njiani nilichofanya. Getini hospitali mtu akauliza mtoto amefanya nini. Nikafungua kinywa, sauti ikagoma. Mama yako akasema, "Ameanguka na kijiko mdomoni." Alisema akinitazama mimi, si yule mtu. Ningefukuzwa chuo, pengine ningefungwa. Kile kijiko nilichokuandikia mwezi wa pili hakikuwa changu, nilikiazima kwake.

Alifariki jua halijazama, hata kitanda hajapewa. Tulirudi naye kwenye pikapu ile ile. Baba yenu alikuwa kazi za mbali. Aliandikiwa kwamba ni homa, naye alikwenda kaburini mwake mwenyewe akiamini hivyo. Hatukuandikisha popote. Mwezi uliofuata tukahama nyumba.

Wewe ulikaa miezi saba husemi neno jingine ila hilo moja. Ulikuwa unakwenda chumba hadi chumba. Unaita, unasubiri, unahamia chumba kingine. Mama yako akasema tukikujibu tutakuwa tunakudanganya, tusipokujibu utasahau. Basi tulikaa jikoni, watu wazima wawili, tukikusikiliza unaita, na hatukujibu. Siku moja ukaacha. Wiki ile ile ukaanza kusema kama watu, ulimi umefunguka kweli, na hukunyamaza tena. Ndipo nikakupa jina la Kasuku, kwa utani. Mama yako alicheka kisha akatoka nje.

Sasa la tangu lini. Mwaka uliofuata darasani, mwalimu alitufundisha ugonjwa wa damu isiyoganda, unaobebwa na mama na kumwangukia mwana wa kiume. Nilimkumbuka kaka yangu na jino lake. Nilinakili noti zote bila kukosea hata nukta. Kwa hiyo nimejua miaka arobaini na mmoja. Mama yako sikumwambia. Ningemwambiaje? Kwamba aliyemuua mwanawe si mkasi wangu tu, bali na damu yake yeye? Ingekuwa natafuta wa kugawana naye mzigo. Kisha akafa, ukabaki wewe, na kukwambia ugonjwa kulimaanisha kukwambia habari za yule mtoto. Ulipozaa binti nilikwenda bafuni nikafungulia bomba nikalia kwa furaha. Binti yako alipozaa mvulana nilijiambia nusu ya watoto wa kiume hupona. Uliponiandikia paja limevimba, nilijua, na bado nikakuandikia habari ya kijiko.

Nilitaka asikatwe, na nilitaka usijue. Nilidhani yote mawili yanawezekana. Siku tatu zaidi ningekuwa nimeua wawili.

Sikuombi kitu.

Mama yako mdogo

*

29 Mei

Mama Mdogo,

Nimekuandikia barua nne nikazichana. Hii naituma kabla sijaisoma.

Mtoto hajambo. Mwezi wa nne walimpa dawa ya kugandisha damu kwa njia ya mshipa, wakasubiri, wakamkata, wakamlaza siku mbili wakimwangalia. Ilitoka damu kidogo sana. Jioni ile alishika ziwa akanyonya hadi akasinzia, na binti yangu akalia bila sauti asimwamshe. Sasa ana kilo sita na nusu, ana mashavu. Atakuwa mtu wa hospitali maisha yake yote, lakini atakuwa na maisha yake yote. Daktari yule mfupi alisema bila ile simu asingeandika neno "hajambo" kwenye faili.

Hilo nimekuambia kwanza kwa sababu ni haki yako kulijua.

Mengine ni haya. Nina hasira, na haipungui kwa ratiba. Kuna siku naelewa: binti wa miaka ishirini na miwili, mkasi uliochemshwa vizuri, nia njema. Siku hizo nakuhurumia. Kisha nafika pale jikoni, ninyi wawili mmekaa, mimi nazunguka naita, na hapo huruma yote inakatika. Mkasi nimeusamehe zaidi kuliko ya pale jikoni. Mlikuwa mnanisikia.

Ile sauti imenyamaza tangu Machi. Nilidhani nitafurahi. Ninakwenda kwenye stoo ya kadi makusudi, naacha mlango wazi, nasimama. Hakuna kitu. Mzee wa Nukta alinikuta hapo wiki iliyopita akaniuliza natafuta herufi gani. Nikamwambia nilikuwa na pacha. Ni mara ya kwanza kulisema mbele ya mtu. Mzee wa watu alivua miwani, akaifuta, akaivaa, akasema, "Pole. Alikuwa anaitwa nani?" Nikagundua sijui. Kwenye kurasa zako zote hujaliandika.

Binti yangu anasema nikufungulie mlango, wewe ni mtu mzima na uko peke yako. Siko tayari kuonana uso kwa uso. Lakini nataka jambo moja. Umesema hamkuandikisha popote. Yaani hakuna karatasi duniani inayosema alizaliwa wala alikufa. Mimi siku nzima naandika maana za maneno, na ndugu yangu hana hata mstari. Nenda kwenye ofisi ya vizazi na vifo mjini kwenu, ukamwandikishe. Vyote viwili, kuzaliwa na kufa. Nenda wewe, kwa miguu yako, na useme wewe.

Kisha uniandikie jina lake.

Kasuku

*

14 Juni

Mwanangu Kasuku,

Nimekwenda jana.

Mwenye duka la dawa alinisindikiza kwa ajili ya masikio yangu, na kwa kuwa wanataka shahidi. Ofisi iko ghorofa ya kwanza, juu ya posta. Ngazi kumi na tisa. Magoti yangu yalizihesabu. Kuna kaunta ndefu ya mbao, benchi mbili, na feni inayozunguka bila kupuliza. Karani ni msichana mwenye miwani juu ya kichwa, ambayo aliitafuta mezani mara mbili nikiwa namtazama. Nilisubiri nyuma ya wazazi wawili wenye mtoto mchanga waliokuwa wanagombana kwa upole juu ya jina.

Zamu yangu ilipofika nikasema nimekuja kuandikisha mtoto. Akauliza, "Amezaliwa lini, Bibi?" Nikamtajia tarehe. Ndiyo siku yako ya kuzaliwa, unaijua. Akaacha kuandika akanitazama. Nikamwambia na amefariki, nikamtajia mwaka. Akahesabu kwa vidole chini ya kaunta, nikaona midomo yake. "Miaka arobaini na miwili, Bibi. Mmechelewa." Nikasema ndiyo, tumechelewa.

Hakunifukuza. Alikwenda nyuma, akarudi na fomu za waliochelewa na mkubwa wake, mzee mwenye tai fupi. Wakaniuliza mahali, jina la baba, jina la mama. Kisha jina la mtoto. Nilikuwa nimejiandaa njia nzima, nikilisema ndani ya kinywa tangu mlangoni kwangu, na bado lilipotoka lilitoka dogo hata karani akaomba nirudie. Nikarudia. Akauliza linaandikwaje, nikamwandikia mwenyewe. Nimekuandikia na wewe kwenye karatasi ndogo iliyo ndani ya bahasha hii, imekunjwa. Fungua ukiwa umekaa.

Yule mzee akauliza, "Wakati wa kifo alikuwepo nani?"

"Mimi."

"Wewe ni nani kwa marehemu?"

"Mama yake mdogo."

"Sababu ya kifo?"

Hapo mwenye duka la dawa aliniwekea mkono begani. Nilisema kwa sauti, maana mimi mwenyewe sauti yangu siisikii vizuri, na nadhani benchi zote mbili zilisikia. Nilisema alikuwa na ugonjwa wa damu ambao hatukuujua. Nilisema alikuwa amefungwa ulimi, nami nikiwa mwanafunzi wa ukunga nilimkata kwa mkasi jikoni, bila idhini ya mama yake, akatoka damu kwa saa tatu huku mimi nikidhani amelala. Nilisema hakuanguka, na hapakuwa na kijiko.

Mzee akaniuliza kama naelewa maana ya kuyaweka haya kwa maandishi na sahihi. Nikasema kama kuna mtu wa kunifuata baada ya hapa, anwani yangu iko pale juu ya fomu, na magoti yenyewe hayakimbii.

Karani alinisogezea fomu. Sehemu ya sababu ni mstari mmoja, urefu wa kidole. Nikaanza kuandika. Nilikuwa sijafika hata kwenye mkasi mstari ukaisha.

Akaniambia kwa upole, "Bibi, nafasi ni ndogo. Fupisha, andika 'ajali' tu. Inatosha."

Nikamwambia anipe karatasi nyingine.

Mama yako mdogo